Kodi ya muuza nyanya, kodi ya shaba

Ukitaka kugombanisha watu Lubumbashi huhitaji siasa za vyama, wala huhitaji timu za Mazembe na Lupopo. Taja kodi tu. Mmoja atasema makampuni ya madini yanatunyonya, yatozwe zaidi. Mwingine atasema kodi zimezidi mpaka biashara zinakufa. Wa tatu atauliza kwa nini alipe hata franka moja wakati barabara ya mtaani kwake haijawahi kuonja lami. Wote watatu wanaweza kuwa na haki kwa wakati mmoja, kwa sababu kila mmoja ana kodi yake kichwani.

Watetezi wa soko huria huingia katika ugomvi huu wakiwa wameshachukiwa. Kwetu Katanga, kusini mwa Kongo, jina lao limefungamana na mikataba ya migodi iliyosainiwa bila wananchi kuiona, na Benki ya Dunia iliyogharamia kuondoka kwa wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, mwaka 2003, watu waliopokea bahasha moja na kuaga kazi ya maisha. Chuki hiyo haikuzuka hivi hivi. Lakini imetufanya tusiisikilize hoja yenyewe, na hilo ni hasara, kwa sababu kwa maoni yangu hoja hiyo ina nguvu nyingi mahali ambapo haitajwi, yaani sokoni na mpakani, na ina nguvu kidogo mahali inapotajwa kila siku, yaani mgodini.

Wanasema nini hasa? Kwanza, kwamba kodi haihamishi pesa tu kutoka mfuko huu kwenda ule. Inabadilisha pia mwenendo wa watu. Toza meza za sokoni, meza zitapungua na masinia ya kichwani yataongezeka. Toza mishahara iliyoandikwa, na mishahara mingi haitaandikwa tena. Kwa hiyo hasara ya kodi ni kubwa kuliko kile kilichofika hazina. Kuna duka ambalo halikufunguliwa, gunia ambalo halikuvushwa mpaka, kijana ambaye hakupewa kibarua. Hao hawana risiti, hawaandamani, na hakuna waziri anayehojiwa kwa ajili yao.

Pili, kuhusu matumizi. Mtu anayetumia pesa yake kwa ajili yake mwenyewe huangalia bei na huangalia ubora. Anayetumia pesa ya mwingine, kumnunulia mtu wa tatu, hana haraka ya kuangalia chochote kati ya hivyo viwili. Milton Friedman, mchumi wa Chicago, alipenda kuieleza hivyo. Hoja hiyo haihitaji kuamini kwamba watumishi wa serikali ni wezi. Hata mtu mwadilifu, akipewa bajeti isiyo yake kununua madawati ya watoto asiowajua, hatalala macho akiwaza kama alipunjwa.

Tatu, kwamba bei ni habari. Bei ya unga ikipanda Lubumbashi, mkulima wa mbali anajua bila kuandikiwa barua kwamba huku kuna njaa. Serikali ikiishika bei kwa nguvu, habari hiyo inakatika njiani.

Haya ndiyo mafiga yenyewe. Mengine yote ni namna ya kuyapangia moto.

Mpakani na sokoni

Wengi wanadhani Adam Smith, yule Mskoti ambaye soko huria linamhesabu kuwa babu yake, alipinga kodi. Hakupinga. Mwaka 1776 aliandika masharti manne ya kodi nzuri. Kila mtu achangie kwa kadiri ya kipato anachokipata chini ya ulinzi wa dola. Kiasi, wakati na namna ya kulipa vijulikane kwa wote, visitegemee mapenzi ya mtoza. Kodi itozwe wakati ambao mlipaji ana uwezo wa kulipa. Na ukusanyaji wake usile kile kilichokusanywa. Katika hayo manne, uzito mkubwa aliuweka kwenye la pili. Alisema kodi isiyo sawa kwa kiasi kikubwa bado ina afadhali kuliko kodi yenye mashaka, hata mashaka hayo yawe madogo.

Sasa lichukue sharti hilo mpaka Kasumbalesa, kwenye lori la unga wa mahindi linaloingia kutoka Zambia. Amri ya serikali ya mwaka 2002 inaruhusu huduma nne tu kufanya kazi mpakani: forodha, ofisi ya kudhibiti bidhaa (OCC), uhamiaji na afya. Yeyote aliyewahi kuvusha mzigo pale anajua kwamba meza ni nyingi kuliko nne, na kwamba baada ya meza kuna barabara, na barabarani nako kuna watu. Baadhi wana risiti, wengine wana filimbi tu.

Mjadala wetu kuhusu hali hii karibu kila mara ni wa maadili: rushwa, tamaa, mishahara midogo ya askari. Mtetezi wa soko huria anaona kitu kingine. Kodi inayojulikana, hata iwe nzito, huingia kwenye hesabu kabla lori halijapakiwa. Mfanyabiashara anajua kama apakie au aache. Kodi isiyojulikana haihesabiki, kwa hiyo anaongeza kwenye bei kile anachokiogopa, si kile atakachokilipa. Siku ambazo njia ilikuwa nyepesi, tofauti hiyo inabaki kwake. Siku ambazo ilikuwa nzito, anapata hasara na pengine harudi tena. Ukiendelea hivyo miaka michache, wanaobaki kwenye biashara ya unga ni wale wenye mtaji wa kuhimili hasara na namba ya simu ya mtu wa kumpigia wakikwama. Vurugu ya kodi haiwaumizi wakubwa. Inawafyekea washindani. Ndiyo maana sishangai kwamba matajiri wachache sana wa mji huu hupiga kelele kuhusu vizuizi vya barabarani.

Na ni nani hasa anayelipa? Kukabidhi pesa kwa mtoza ni jambo moja, kubeba mzigo ni jambo jingine. Mzigo wa kodi huangukia yule asiyeweza kuukwepa. Mwenye lori anaweza kubadilisha bidhaa: leo unga, kesho saruji. Mkulima wa Zambia anaweza kuuza kwao. Mla bukari, yaani ugali, wa Katuba au Kenya, mitaa ya hapa Lubumbashi, hana pa kukimbilia; jioni ikifika lazima sufuria iwe motoni. Kila kinachodondoka kati ya Kasumbalesa na mjini hatimaye kinashukia kwenye sahani yake. Kwa maneno mengine, vurugu ya mpakani ni kodi ya chakula, na kodi ya chakula humwuma zaidi yule ambaye sehemu kubwa ya pesa yake ni ya kula.

Zambia nayo hufunga mauzo ya mahindi nje kila mavuno yakiwa mabaya, kama ilivyokuwa kwenye ukame wa 2024, na hilo hakuna kodi ya Kongo inayoweza kulitibu. Ila ni sababu moja zaidi ya kutozidisha upande wetu.

Sokoni mambo ni madogo lakini sheria ni ile ile. Mama wa nyanya anatozwa ushuru wa meza asubuhi, kabla hajauza hata fungu moja. Sharti la tatu la Smith limeshavunjika. Analipa kiasi sawa na jirani yake anayeuza vitenge vya bei mara kumi. La kwanza limevunjika. Na kumtoza yeye kunahitaji mtu wa kuzunguka kila siku kukata tiketi, mtu anayehitaji mshahara, nauli na msimamizi. La nne nalo lina mashaka. Sikatai kwamba soko linahitaji kufagiliwa na choo kinahitaji maji, na kwamba anayefaidika achangie. Lakini ukiniuliza ni kodi gani ifutwe kwanza Lubumbashi, nitaanzia hapo, sitaanzia kwenye kodi ya mapato ya makampuni.

Kuna mfano mmoja unaoonyesha kwamba masharti manne hayatoshi. Septemba 2020 serikali ilianzisha makato ya simu yaliyojulikana kama RAM: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya kawaida, dola 7 kwa simu yenye intaneti ya 3G au 4G, yakikatwa moja kwa moja kwenye salio. Kwa mtaalamu wa kodi ni kitu kizuri mno. Kiasi kinajulikana, kukusanya hakugharimu karibu chochote, hakuna askari wala tiketi. Hata hivyo watu waliikataa nchi nzima, mpaka ikaondolewa mwanzoni mwa 2022. Waliambiwa wanalipia usajili wa simu zao, huduma ambayo hakuna aliyeiomba, na kila waliponunua salio waliona limepungua bila ya kuulizwa. Wasomi wa soko huria wana neno juu ya hili pia: kodi ni mabadilishano, na mabadilishano yanataka pande mbili. Wanalisema kwa sauti ndogo kuliko lile la viwango, sijui kwa nini.

Kananga walijaribu kupima

Kuna msemo unaopendwa na kila chama cha wenye biashara: punguza kodi, utakusanya zaidi. Wazo ni la kale. Ibn Khaldun aliliandika karne ya 14, akisema dola changa hupata mapato mengi kwa kodi ndogo na dola iliyozeeka hupata kidogo kwa kodi kubwa. Katika miaka ya 1970 Arthur Laffer wa Marekani akalichora kuwa mstari unaopanda kisha kushuka, na tangu hapo wanasiasa wamelitumia kuhalalisha karibu punguzo lolote. Tatizo ni kwamba mara nyingi hatujui tuko upande gani wa mlima.

Kongo tuna bahati ya ajabu: tumepimwa. Katika mji wa Kananga, Kasai ya Kati, mwaka 2018 serikali ya jimbo ilishirikiana na watafiti, akiwemo Jonathan Weigel, kwenye kodi ya nyumba. Wenye nyumba zaidi ya 38,000 waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walipewa kiwango cha kawaida, wengine punguzo la asilimia 17, wengine 33, wengine 50. Matokeo ni kwamba kiwango cha kawaida kilikuwa juu mno hata kwa faida ya serikali yenyewe. Kiwango ambacho kingeingiza pesa nyingi zaidi kilikuwa karibu theluthi moja chini ya kile kilichokuwepo, kwa sababu watu wengi zaidi walilipa walipoona kiasi wanachoweza.

Hapo mpenda soko huria anapiga makofi. Asipige haraka. Utafiti huo huo ulionyesha kwamba penye watoza hodari, kiwango kinachofaa nacho kinapanda. Yaani kodi ya Kananga haikuwa kubwa kwa kipimo cha mbinguni. Ilikuwa kubwa kwa serikali dhaifu. Serikali inayojua kutoza inaweza kutoza zaidi. Anayenukuu nusu ya kwanza bila ya pili anauza nusu ya gunia kwa bei ya gunia zima.

Mji huo ulitoa mafunzo mengine mawili. Walipowatuma machifu wa mitaa kukusanya kodi badala ya wafanyakazi wa serikali, mapato yalipanda kwa zaidi ya asilimia 40, hasa kwa sababu chifu anajua nani ana pesa wiki hii na nani amefiwa. Friedrich Hayek, mchumi mwingine wa soko huria, aliandika mwaka 1945 kwamba maarifa ya kuendesha uchumi yametawanyika vichwani mwa watu na hayawezi kukusanywa ofisini. Sidhani aliwaza kodi ya nyumba ya Kasai, lakini ndiyo hiyo. Jambo la pili lilitoka kwenye kampeni ya 2016. Katika mitaa iliyotembelewa nyumba kwa nyumba na watoza kodi, wananchi walihudhuria zaidi mikutano na serikali na kujaza zaidi fomu za kuikosoa. Waliotozwa walianza kudai. Hili linawapa taabu wale wanaosema kodi bora ni sifuri, kwa kuwa raia asiyetozwa chochote ni rahisi kusahauliwa.

Mgodini hesabu inageuka

Sasa twende kwenye shaba, ambako kila mtu hapa ana maoni.

Sheria ya madini ya 2002 iliandikwa wakati wa vita, nchi ikiwa haina mwekezaji. Ilikuwa na ukarimu wa mwenye njaa: mrabaha, yaani malipo kwa serikali juu ya thamani ya madini, wa asilimia 2 kwa shaba na ahadi kwamba masharti hayatabadilishwa kwa miaka 10. Mwaka 2018 ilirekebishwa. Mrabaha wa shaba ukawa asilimia 3.5, madini yanayotangazwa kuwa ya kimkakati asilimia 10 (kobalti ilitangazwa mwishoni mwa mwaka huo), na ikaja kodi ya asilimia 50 kwenye faida ya ziada pale bei inapopanda zaidi ya robo juu ya ile iliyowekwa kwenye upembuzi wa mradi. Ahadi ya miaka 10 ikapunguzwa kuwa 5. Wakuu wa makampuni makubwa walipanda ndege hadi Kinshasa kumwona Joseph Kabila, rais wa wakati huo. Hoja yao ilikuwa ile ile ya soko huria: mtaji una miguu, utakimbia.

Ni kweli mtaji una miguu. Shaba haina. Hapo ndipo wanafunzi wa soko huria wenyewe wanagawanyika, jambo ambalo watetezi wao hapa nyumbani hawalisemi. Tangu David Ricardo, mchumi Mwingereza wa zamani, wachumi hutofautisha faida inayotokana na kazi na akili ya mtu na ile inayotokana na kukalia ardhi nzuri. Ya kwanza ukiitoza sana, kazi inapungua. Ya pili ukiitoza, ardhi haiendi popote na haipungui. Friedman huyo huyo, adui wa kodi, alisema kodi yenye ubaya mdogo kuliko zote ni ile ya thamani ya ardhi tupu. Mwamba wa Katanga ni ardhi tupu yenye utajiri ambao hakuna mkurugenzi aliyeutengeneza. Ukiacha kampuni irudishe gharama zake na faida ya kawaida ya kuvumilia hatari, kinachobaki juu yake kinaweza kutozwa kwa kiasi kikubwa bila kuua chochote.

Swali gumu ni namna ya kutoza. Kodi ya faida, ambayo kwetu ni asilimia 30, ndiyo safi kwa nadharia, kwa sababu haigusi mgodi usio na faida. Lakini faida ni kitu cha kwenye karatasi. Kampuni dada iliyoko ng'ambo inaweza kuuzia mgodi mashine kwa bei ya juu, kuukopesha kwa riba kubwa, kuulipisha ushauri, na faida ikayeyuka kabla mkaguzi hajafungua faili. Mrabaha ni mkavu zaidi: unatozwa kwenye thamani ya madini yanayouzwa, kabla ya gharama nyingi. Una ubaya wake, kwa sababu mwamba wenye shaba kidogo ambao ungechimbwa kwa faida nyembamba unaachwa ardhini. Ila kuutoza kunahitaji mizani, maabara na bei ya soko la metali la London. Mlipaji anajua atalipa nini, mtoza anajua atapata nini. Sharti la pili la Smith, ambalo mpakani lilikuwa upande wa mfanyabiashara, huku mgodini limehamia upande wa mrabaha. Hiyo ndiyo sababu naona nchi yenye wakaguzi wachache ina haki ya kupenda mrabaha kuliko kodi za werevu, hata kama vitabu vya uchumi vinakunja uso.

Je, walikimbia? Baada ya 2018 uzalishaji haukupungua. Mgodi wa Kamoa-Kakula ulianza kutoa shaba mwaka 2021 na Kongo sasa ni ya pili duniani nyuma ya Chile. Atakayekuwa mkaidi atajibu, na kwa haki, kwamba hatuwezi kuhesabu migodi ambayo haikufunguliwa. Sawa. Lakini hoja ya kisichoonekana haiwezi kutumika kila mara kinachoonekana kinapokataa kutii.

Kuna sehemu moja ambapo makampuni yana haki kabisa. Kodi ya ongezeko la thamani, TVA ya asilimia 16 iliyoanza Januari 2012, haipaswi kumwangukia anayeuza nje. Sheria inasema serikali imrudishie alicholipa kwenye manunuzi. Serikali ilichelewa kurudisha, madeni yakarundikana. Kuichelewesha pesa hiyo ni kukopa kwa mtu bila kumwambia, na mwenye kiwanda kidogo Likasi anayeyauzia makampuni ndiye anayesubiri malipo yake mwisho wa foleni.

Kobalti ni hadithi nyingine. Februari 2025 serikali ilisimamisha mauzo yake nje, kisha kuanzia Oktoba ikaweka mgawo: tani 96,600 kwa mwaka katika 2026 na 2027. Kwa nchi inayotoa zaidi ya nusu ya kobalti yote duniani, ni silaha halisi, na bei ilipanda zaidi ya mara mbili. Hapa nawasikiliza wapenda soko huria kwa makini zaidi. Bei ile ni habari, na inasomwa na watengenezaji wa betri ambao tayari wana betri za chuma na fosfati zisizohitaji kobalti hata chembe. Isitoshe, mgawo lazima ugawiwe na mtu. Kodi ya juu ingeingiza pesa hazina. Mgawo unaingiza thamani mikononi mwa yule anayepewa kibali, na kumpa aliyeketi ofisini sababu ya kutembelewa.

Matumizi, au kumbukumbu ya Gécamines

Wazee wa mji huu wakisikia kwamba serikali haiwezi kuendesha biashara, hujibu kwa jina moja. Gécamines ilitoa unga kila mwezi, ilisomesha watoto, ilitibu, ilijenga nyumba. Yote ni kweli. Katikati ya miaka ya 1980 ilizalisha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Katikati ya miaka ya 1990 hazikufika 50,000.

Kati ya tarehe hizo mbili kilichotokea ni somo la matumizi ya umma kuliko somo lolote la darasani. Dola ya Mobutu iliichukua kampuni kutoka kwa Union Minière ya Wabelgiji mwaka 1967, na kwa miongo miwili ikawa mfuko wa nchi. Pesa iliyopaswa kununua pampu, malori na nguzo za migodini ilipelekwa kwingine. Bei ya shaba ilisaidia kuficha, kisha ikaacha. Septemba 1990 mgodi wa chini wa Kamoto uliporomoka. Wanaolaumu ubinafsishaji wanaanza kuhesabu 2003. Kampuni ilikuwa imeshaliwa kabla ya hapo. Huo mgao wa unga ulikuwa halali ya wafanyakazi, sina neno. Lakini mgao huo ulionekana, pampu zisizonunuliwa hazikuonekana.

Serikali ilipokosa shaba ya kula, ilikula sarafu. Hii ndiyo kodi ambayo wapenda soko huria huiogopa kuliko zote, kwa sababu haipigiwi kura na bunge lolote: kuchapisha noti. Mwishoni mwa 1992 ilitoka noti ya milioni 5 za zaire, sarafu ya wakati huo. Wafanyabiashara waliikataa, wanajeshi waliolipwa kwa noti hiyo wakapora Kinshasa Januari 1993. Mwaka huo huo ikaja zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani. Kufikia 1994 bei zilikuwa zikipanda kwa karibu asilimia 10,000 kwa mwaka. Kila aliyekuwa na akiba nyumbani alitozwa karibu yote, bila risiti. Dola tunazobadilisha leo kwa wakambisti wa kando ya barabara ni jibu la watu kwa kodi hiyo, jibu lililotolewa bila mkutano wala azimio, na miaka mingi ya franka iliyoanzishwa 1998 haijalifuta.

Upande wa shule ni tata zaidi. Elimu ya msingi ya bure ilianza kutekelezwa Septemba 2019. Kabla ya hapo shule zilikuwa za serikali kwa jina, lakini mshahara wa mwalimu ulitegemea mchango wa wazazi. Mtu anaweza kuuita mfumo huo soko, ila ulikosa kile kinacholifanya soko lifae, yaani uwezo wa kuhama na pesa yako. Mzazi alilipa kama mteja na akahudumiwa kama mwombaji. Kufuta michango hiyo ilikuwa haki. Kujaza madarasa watoto mia bila kuongeza walimu kulikuwa ni kutoa ahadi kwa pesa ambayo haikuwepo.

Pesa za nani?

Katiba ya 2006, kifungu cha 175, inasema majimbo yabaki na asilimia 40 ya mapato ya kitaifa, yakikatwa papo hapo yanapokusanywa. Haijawahi kutekelezwa kikamilifu; pesa hupanda Kinshasa na kurudi zikiwa zimepungua na zimechoka. Sheria ya madini ya 2018 ilijaribu njia fupi kwenye mrabaha: nusu kwa serikali kuu, asilimia 25 kwa jimbo, 15 kwa komini au uchifu wenye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Nadhani hiki ndicho kifungu chenye roho ya soko huria kuliko vyote, ingawa makampuni yalikuwa yakipigana na sheria nzima. Kadiri pesa inavyotumiwa karibu na aliko mwenye nayo, ndivyo inavyokuwa rahisi kumwona anayeitumia.

Wapo wanaotaka kwenda mbali zaidi. Jimbo la Alaska huko Marekani lilianzisha mfuko wa mafuta mwaka 1976, na tangu 1982 kila mkazi hupokea sehemu yake ya faida kwa mwaka, mkononi. Hoja ni hii: mgawie raia mrabaha wote, kisha mtoze kodi. Serikali italazimika kuomba pesa badala ya kuikuta imekaa, na mama wa nyanya atajua kiasi kamili alichonyimwa barabara ilipokosekana. Wanaopinga wanasema pesa ingetawanyika kwenye bia na mazishi, dharau ambayo husikii ikisemwa kuhusu pesa inayopita wizarani. Pingamizi linalonisumbua mimi ni dogo na la kiofisi. Ili kumgawia kila mtu fungu lake ni lazima kwanza watu wahesabiwe na waandikwe. Sensa ya mwisho ya Kongo ilifanyika 1984, na kitambulisho ambacho wengi wetu tunatembea nacho mfukoni ni kadi ya kupigia kura.